Kazi naijua, kuianza ndiyo shida

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, naishi Mombasa kwa wazazi na kazi yangu ni kutengeneza tovuti na mifumo midogo ya biashara. Kazi naijua, na wateja hawajawahi kulalamikia ubora. Shida yangu ni kuianza. Sasa hivi nina mfumo wa duka la vipuri vya magari. Nimemaliza kila kitu isipokuwa malipo ya M-Pesa, na hapo nimekwama wiki ya tatu hii. Kila asubuhi nafungua laptopu, nauangalia ule ukurasa, mara najikuta YouTube au WhatsApp, au nabadilisha rangi za vitufe ambavyo mteja alishavikubali. Usiku sipati usingizi. Nyumbani wanasema nimekuwa mvivu. Mteja akipiga sipokei. Nifanye nini? Na je, kazi hii inanifaa kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo la uvivu, maana ukiendelea kuliamini, mengine yote nitakayokuambia yatapita sikio hili yatokee lile. Mvivu hupumzika. Wewe hupumziki. Umekaa mbele ya laptopu tangu asubuhi, umefanya kazi ambayo hakuna aliyekutuma, na usiku umelala macho. Mtu anayechoka kiasi hicho hakupungukiwa na bidii. Ndani ya ile kazi moja kuna kitu kinachomchoma kila akikigusa, naye anauondoa mkono.

Wanaolichunguza jambo hili wamelisema kwa namna inayolingana na barua yako. Mwaka 2007 mtafiti Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu kuahirisha kazi. Yaliyojitokeza kwa nguvu ni haya: kazi inachukiza, malipo yake yako mbali, mwenyewe hana imani kwamba ataiweza, na ni mtu anayevutwa upesi na kilicho karibu. Kutaka kila kitu kiwe kamili, sababu ambayo wengi wetu hupenda kujitetea nayo, hakukuwa na uzito huo. Kisha mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wakaeleza kwamba anayeahirisha huwa anatuliza hisia yake ya sasa hivi. Unafungua ukurasa, tumbo linakaza, unahamia YouTube, tumbo linalegea. Umejitibu kweli, kwa dakika kumi. Deni analipa yule wewe wa usiku.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni kitu gani hasa ndani ya kazi hii kinachonikaza tumbo?

Kitu kimoja kwenye barua yako kimeniambia zaidi ya vingine vyote, nacho ni zile rangi za vitufe. Unapobadilisha rangi unajua wapi pa kugusa, matokeo unayaona papo hapo, na ukikosea hakuna anayeumia. Malipo ya M-Pesa ni kinyume chake kwa kila kipimo. Hujui mstari wa kwanza ni upi, majibu yanatoka kwenye seva isiyo yako, na ukikosea ni pesa ya mtu. Halafu kazi yote hiyo umeiandika kwenye orodha yako kwa maneno manne, nina hakika: "Weka malipo ya M-Pesa." Hiyo haifanyiki kwa mkao mmoja. Ni maswali saba au manane yaliyofungwa kwenye furushi moja, na akili yako kila asubuhi inalipima furushi zima na kukataa kulibeba.

Tulifungue basi, maana hapa ndipo penye dawa.

Weka mfumo wa duka pembeni kabisa. Tengeneza folda mpya, tupu, nje ya mradi, ndani yake faili moja. Swali la kwanza la kujibu ni dogo: je, naweza kupata tokeni, yaani kibali cha muda, kutoka mazingira ya majaribio ya Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa? Unatuma ombi moja lenye ufunguo na siri uliyopewa ulipojisajili, na jibu linarudi na tokeni inayodumu kama saa nzima. Umeiona kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri? Kazi ya kipindi hicho imekwisha. Inuka, kanywe maji.

Swali la pili: je, naweza kuifanya simu ilie na kuomba PIN? Hapa wengi hukwama kwenye mambo mawili madogo yanayoonekana makubwa kwa sababu hayajatenganishwa. La kwanza ni ile nywila ya ombi, ambayo ni namba ya biashara, neno la siri la mfumo na muda, vikiunganishwa kwa mpangilio huo kisha kugeuzwa kuwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Muda ule ule uliotumia kutengeneza nywila ndio unaotakiwa kuutuma kwenye ombi, mwaka kwanza na sekunde mwisho, bila vistari. La pili ni namba ya simu, inayoanza na 254, si 07. Ukikosea moja kati ya hayo unapata kosa lisiloeleweka, na hapo ndipo mkono huenda kwenye WhatsApp. Ukiyajaribu moja moja, kosa linajitaja lenyewe.

Swali la tatu ndilo linalokutisha bila wewe kujua, nadhani. Ombi likipokelewa unarudishiwa ResponseCode yenye sifuri, na mtu mgeni hudhani amelipwa. Hajalipwa. Sifuri ile inasema ombi limepokelewa tu, na namba ya CheckoutRequestID ndiyo risiti ya kulifuatilia. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, kwenye anwani uliyoitoa wewe, baada ya mteja kuweka PIN au kukataa. Akilipa, ResultCode ni 0 na unaletewa namba ya muamala. Akifuta, ni 1032. Anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje, kwa hiyo laptopu yako peke yake haitoshi: unahitaji seva halisi, au programu kama ngrok inayofungua njia ya muda kutoka intaneti hadi kwenye mashine yako. Katika hatua hii usiandike chochote kwenye hifadhidata. Pokea jibu, lichapishe kwenye skrini, lisome kwa macho yako, kisha lihifadhi kwenye faili. Na kwa kuwa jibu hilo linaweza kuchelewa au kupotea njiani, lipo ombi jingine la kuuliza hali ya muamala. Hilo nalo ni swali la siku yake.

Ndipo yanafuata maswali ya duka lenyewe. Jibu likifika mara mbili, mfumo utaandika mauzo mawili? Mteja akifunga ukurasa kabla ya kuweka PIN, bidhaa inabaki imeshikwa kwa ajili yake mpaka lini? Mwenye duka anaonyeshwa nini wakati muamala unasubiri? Haya ni maswali ya biashara, na baadhi yake huwezi kuyajibu wewe. Ni ya kumuuliza mwenye duka. Nitalirudia hilo.

Umeona tulichofanya. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayozidi uwezo wako, na kila moja ina mwisho unaoonekana kwenye skrini. Mimi vijana ninaowasimamia nawakataza kuandika kwenye orodha zao jambo ambalo hawawezi kuniambia watajuaje limekwisha. "Shughulikia malipo" inarudishwa. "Chapisha tokeni kwenye terminali" inakubaliwa. Na pale ambapo hata hilo hujalijua, basi kazi ya leo ni kuandika maswali, kwa kalamu na karatasi, mpaka lipatikane moja unaloweza kulijibu kwa nusu saa. Kuandika maswali ni kazi halali ya programu. Wengi wanaiona kama kupoteza muda kwa sababu haiachi mstari wa msimbo, na mimi naona ndiyo sehemu inayomtofautisha fundi na mwanafunzi.

Kuhusu lini: usijiambie "kesho nitaamkia hiyo". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionyesha kwamba nia inayofungwa kwenye tukio hutekelezwa zaidi kuliko nia inayoelea, na uchambuzi alioufanya na Paschal Sheeran mwaka 2006 uliokusanya tafiti 94 ulithibitisha kwamba tofauti hiyo si ndogo. Sentensi yake ina umbo la "likitokea hili, nitafanya lile". Kwako iwe hivi: nikimaliza chai ya asubuhi na kukaa mezani, nitafungua ile folda tupu na kutuma ombi la tokeni kabla ya kufungua kivinjari. Iandike, ibandike juu ya laptopu. Maneno "kabla ya kufungua kivinjari" usiyaache, maana mlango wako wa kutorokea ni huo. Nyaraka unazozihitaji zishushe usiku, uzisome bila mtandao.

Sasa umakini. Mwanaprogramu anapofanya kazi huwa ameshika vitu vingi kichwani kwa wakati mmoja: thamani ya kigezo hiki, faili lile linaloitwa na hili, sababu ya kuacha ile njia nyingine. Akikatizwa, vyote vinamwagika. Chris Parnin na Spencer Rugaber wa Georgia Tech walichambua rekodi za vipindi vya kazi kama 10,000 vya wanaprogramu 86, wakakuta kwamba ni kipindi kimoja tu kati ya kumi ambapo mtu aliyerudi kazini alianza kuhariri msimbo ndani ya dakika moja. Waliobaki walizunguka kwanza, wakifungua faili huku na kule kutafuta walipokuwa. Ukilijua hili utaacha kujilaumu kwa zile dakika kumi za mwanzo zinazoonekana tupu. Kichwa kinapakia. Hatari yake ni kwamba zinachosha, na katika uchovu huo simu ikitikisika unaikimbilia, ukirudi unaanza upya. Mtu anaweza kuishi asubuhi nzima katika dakika kumi za mwanzo.

Dawa yake inaanza jana yake. Usimalizie kipindi mahali palipokamilika vizuri, pasipo na cha kushika kesho. Acha jaribio moja linaloshindwa, ambalo unajua kwa nini linashindwa. Au andika juu ya faili, kwa Kiswahili cha kawaida, mistari miwili: "Tokeni inapatikana. Ombi la PIN linarudisha kosa kwenye nywila. Nashuku muda una saa ya seva, si ya Nairobi. Kesho chapisha muda kabla ya kuugeuza." Asubuhi mtu aliyeandika hivyo hahitaji hamasa. Anasoma na vidole vinaanza. Fanya hivyo hivyo kila unapokatizwa, hata mama akikuita dukani. Sekunde ishirini za kuandika "nilikuwa nataka..." zinaokoa robo saa. Umeme ukikatika ghafla, andika kwenye karatasi wakati bado unakumbuka, na ukomiti kazi (uihifadhi kwenye historia ya mradi) kwenye tawi lako, yaani nakala yako ya pembeni, mara kwa mara hata ikiwa nusu. Tawi ni lako, hakuna atakayeona aibu humo.

Simu isiwe chumba kimoja nawe. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi. Mpe mdogo wako, iweke jikoni, iache kwa mama. Najua utasema mteja anaweza kupiga. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba akipiga hupokei, kwa hiyo hilo halikuzuii. Kuna watu wanaofunga programu za kuzuia tovuti, na zinasaidia, lakini mwanaprogramu anajua kuzizima. Umbali wa miguu hauzimiki kwa kubofya.

Na familia: wazazi wengi wa kwetu wakimwona mtu amekaa nyumbani na laptopu wanaona mtu amekaa nyumbani. Hawakosei kwa nia mbaya. Kazi yako haina kelele wala vumbi. Zungumza na mzee wako umweleze kwa saa, si kwa maelezo ya kiufundi: "Baba, saa tatu mpaka saa sita asubuhi niko kazini, baada ya hapo nitumeni popote." Kisha hiyo ya baada ya hapo uitimize kweli, utumwe na uende bila kununa. Wiki mbili za kuona unasimama kwenye neno lako zitawaondolea hilo la uvivu kuliko hoja yoyote. Saa tatu hizo zikiwa safi zinatosha. Siamini katika saa kumi za laptopu wazi.

Wengine watakuambia utumie kipima muda cha dakika 25 na mapumziko ya dakika tano, utaratibu aliouanzisha Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni mzuri kwa kuanza, hasa kwa mtu mwenye hofu kama yako, kwa kuwa hakuna asiyeweza kuvumilia dakika 25. Ila kengele ikilia ukiwa umelishika kosa kwa mkia, usiitii. Endelea mpaka mahali unapoweza kuandika ile mistari miwili.

Niseme pia kuhusu akili unde, kwa sababu najua unaitumia. Kumwomba msaidizi huyo akuandikie kipande chote cha malipo kunaweza kuwa njia nyingine ya kukwepa: unapata mistari 200 usiyoielewa, inashindwa, na sasa hofu imeongezeka kwa kuwa hata msimbo si wako. Mwulize yale maswali madogo, moja moja, na ujaribu kila jibu kwenye ile folda tupu kabla ya kwenda mbele. Halafu kuna zile sekunde thelathini za kumsubiri aandike. Ndizo zinazoibwa na simu siku hizi, kama zilivyoibwa zamani na kusubiri programu ijengwe. Wakati anaandika, andika wewe kwenye karatasi jibu unalotarajia. Macho yabaki kwenye kazi.

Kuhusu usiku na ile hatia. Mwaka 2010 Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza nchini Kanada waliokuwa wameahirisha kujisomea mtihani wao. Waliojisamehe baada ya mtihani wa kwanza hawakuahirisha sana kama wenzao kabla ya uliofuata. Ina mantiki ukizingatia tulipoanzia: kama kazi inakimbiwa kwa sababu inauma, kila tusi unalojitukana usiku linaifanya iume zaidi asubuhi. Wiki tatu zimekwenda. Usizilipizie kisasi kwa kupanga kesho ya saa kumi na sita.

Tuje kwa mteja, ambaye nakuomba umtazame kama sehemu ya kazi na si kama polisi. Kila siku usiyopokea simu yake, kazi inapata uzito ambao haumo ndani ya msimbo. Yeye kimya chako anakisoma vibaya kuliko ukweli: anadhani umekula malipo ya awali ukatoroka. Mwandikie. Usiombe radhi kwa aya nzima wala usitunge ugonjwa wala msiba. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za leo. Samahani kwa kutopokea simu zako. Mfumo umekamilika isipokuwa malipo ya M-Pesa, ambayo yamechukua muda mrefu kuliko nilivyokadiria. Ijumaa saa kumi jioni nitakuonyesha malipo ya majaribio yakifanya kazi. Kabla ya hapo naomba uniambie: mteja akianza kulipa asimalize, bidhaa tumshikie kwa dakika ngapi?"

Angalia lile swali la mwisho. Linamgeuza kutoka mtu wa kukudai awe mtu mnayefanya naye kazi, tena ni swali unalolihitaji kweli. Na Ijumaa umeahidi kumwonyesha jambo dogo, ambalo liko ndani ya yale maswali matatu ya kwanza. Kwa kazi zijazo, gawanya malipo yako kwa hatua kwenye makubaliano, kila hatua ikiwa na kitu cha kumwonyesha mteja. Tumeona malipo ya mbali yanavyodhoofisha mkono. Yalete karibu.

Umeuliza kama kazi hii inakufaa. Umejenga mfumo mzima wa duka peke yako ukabakiza kiungo kimoja ulichokuwa hujawahi kukifanya. Hofu ya kiungo kigeni wanayo hata wenye miaka ishirini kazini. Tofauti yao ni kwamba wanakijua kile kikazo cha tumbo na wanakichukulia kama taarifa: hapa kuna kitu sijakigawanya bado. Kwa hiyo ndiyo, inakufaa.

Jambo moja uliangalie kwa unyoofu. Kama hali hii haiko kwenye M-Pesa tu, kama tangu utotoni umekuwa ukishindwa kumaliza hata unayoyapenda, unapoteza vitu, unasahau miadi, akili haitulii popote, basi huenda ni hali inayotambuliwa na madaktari na yenye matibabu. Na kama usingizi umepotea kwa muda mrefu, chakula hakina ladha na hata marafiki huwataki, huo unaweza kuwa ni sonona. Katika hali hizo mbinu zangu za folda tupu hazitoshi. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali kubwa ya serikali iliyo karibu nawe, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi.

Leo usiguse msimbo. Tuma ule ujumbe kwa mteja kabla ya Isha, andika ile sentensi ya chai uibandike, shusha nyaraka, kisha simu ilale chumba cha mama. Asubuhi ni tokeni tu. Ikikataa, nakili kosa lote kama lilivyo, uondoe ufunguo na siri, unitumie tuliangalie pamoja.